Mpunga wa Gihogo

Alhamisi, 3 Agosti 1911

Jibu la barua yangu limefika hapa Rumonge kutoka boma. Ndugu yangu mdogo Nasoro atafunguliwa mnyororo iwapo nitatoa ng'ombe badala ya yule wa serikali aliyempotea njiani kule Muhuta. Ng'ombe awe hai, tena mnene. Asipopatikana kabla ya Ramadhani, Nasoro atapelekwa upande wa Tabora, kwenye kazi ya reli.

Askari aliyeleta jibu alieleza kuwa Bwana Mkubwa hakuisoma barua yote. Alisoma salamu, akapiga mwayo, akauliza mwishowe anataka nini huyu. Kurasa tatu! Hata hivyo imefaa.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimepata ng'ombe kwa Barutwanayo, mchungaji wa mlimani, kwa mitungi ya mawese. Ni maksai wa rangi ya kahawia, jina lake Gihogo. Mbavu zake zaonekana tangu mlangoni.

Malisho hayapo. Nyasi za mlimani zimeungua, na vichaka vya ufukweni vina mbung'o, ambao humwua ng'ombe. Kilichopo nyumbani kwa wingi ni mpunga wetu wa bondeni. Basi nimeazimia kumlisha mpunga.

Barutwanayo alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. Alisema inka, yaani ng'ombe kwa lugha yao, si mtu. Leo nampa mpunga, kesho ataniomba kanzu.

Jumatatu, 7 Agosti

Gihogo aliunusa mpunga akageuza kichwa. Vivyo hivyo jana. Mke wangu Kulthumu aliuchanganya na majani ya mgomba yaliyokatwakatwa, akanyunyiza maji ya chumvi. Akala! Akalamba na ungo.

Jumatano, 9 Agosti

Jambo lisilotazamiwa. Punje nyingi zatoka kama zilivyoingia. Kuku wa jirani yetu Mwasiti washinda wakichakura samadi, nao wananawiri. Kulthumu asema tumeingia gharama ya kunenepesha kuku wa watu.

Kuanzia leo mpunga utatwangwa nusunusu, pamoja na maganda yake, kisha utalowekwa. Pishi moja asubuhi, pishi moja jioni, wala si zaidi. Anayetwanga ni Kulthumu pamoja na Esha, mke wa Nasoro. Esha hutwanga kwa nguvu zake zote. Kinu chasikika hadi msikitini.

Alhamisi, 10 Agosti

Mwasiti alinisimamisha njiani mbele ya wanawake waliotoka kuteka maji. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema, ingawa hayana adabu:

“Bwana Karani! Ng'ombe yako iko anakula mpunga, mutoto yangu iko anakula muhogo. Unioe na miye, unifunge kamba pale uani!”

Nilimjibu kuwa shauri hili lina misingi yake. Wakacheka zaidi.

Jumatatu, 14 Agosti

Mbavu zimeanza kufichika. Alimasi, mchinjaji wetu, alimbonyeza kwenye paja kwa vidole viwili, akanusa vidole – sijui kwa nini – akasema mafuta yanaingia. Shingo bado. Samadi sasa ni nzuri, na kuku wa Mwasiti wamerudi kwao.

Esha aliniuliza: “Shemeji, watampima kwa mizani au kwa macho?” Nilisema kwa macho. Akaenda kumsugua Gihogo kwa mafuta ya mawese ili manyoya yang'ae.

Ijumaa, 18 Agosti

Jana alikuja mtu kutoka boma, akatuambia amemwona Nasoro. Ana vidonda vya mnyororo miguuni. Anacheka bado, ila anasimama kwa kushika ukuta.

Baada ya sala nilipewa ruhusa ya kusema mbele ya jamaa. Nilikuwa nimetengeneza hotuba: kwanza kisa, pili sababu ya mpunga, tatu ombi la dua. Nilipofika kwenye miguu niliketi. Sehemu ya tatu haikusemwa. Dua waliomba wenyewe.

Jumapili, 20 Agosti

Mwasiti ameleta kikapu cha mpunga, akakiweka mlangoni akaenda bila mzaha hata mmoja. Wengine nao wameleta. Nimewashukuru kwa maneno yanayostahili. Tunaweka akiba. Kipimo hakijabadilika.

Jumatano, 23 Agosti

Mashua ya boma imetia nanga. Itaondoka kesho baada ya alasiri. Msimamizi wake alikuja uani, akamzunguka Gihogo, akasema: “Huyu ndiye ng'ombe.” Maneno matatu. Sijasikia hukumu iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Jioni watu wengi walikuja kumuaga Gihogo. Watoto walimwimbia. Nilikuwa sebuleni na msimamizi, nikiandika hati ya kumkabidhi.

Alhamisi, 24 Agosti

Gihogo amelala tangu alfajiri. Hainuki. Ubavu wa kushoto umevimba, ukiugonga walia kama ngoma. Hacheui. Povu mdomoni.

Nimeuliza uani. Kulthumu alimpa pishi yake ya jioni. Esha alimpa kata moja ya kuagana naye. Mwasiti alileta bakuli la mchele mkavu – “kidogo tu, Karani, kwa ajili ya Nasoro.” Mke wa Alimasi, sufuria ya wali. Mwingine chenga. Mwingine sahani mbili, ya kwake na ya mama yake. Kila mmoja kidogo tu. Hakuna aliyemwona mwenziwe. Mwasiti analia, na mimi sina neno la kumlaumu. Wangeleta nini kingine?

Adhuhuri. Tumemnywesha mawese chupa nzima. Wanaume sita wamejaribu kumsimamisha ili atembezwe. Alisimama, akapiga hatua, akaanguka upande uleule. Msimamizi wa mashua amesema hapokei nyama. Hai, au basi. Hawezi kungoja, kwa maana kesho kutwa orodha ya watu wa reli inafungwa.

Alasiri. Alimasi amekuja na kisu. Asema pumzi zimekuwa fupi. Akichinjwa sasa ni halali, na mji mzima utakula kabla ya mwezi kuandama. Akifa mwenyewe ni nyamafu, tutamburura ziwani na mpunga wetu wote tumboni.

Esha ameikalia kamba. “Shemeji, asichinjwe! Iko anapumua! Mukimuchinja huyu mumemuchinja Nasoro!”

Alimasi amejibu kwa upole kwamba yeye hachinji watu, anachinja ng'ombe, na ng'ombe hungojwa kwa kiasi. Mara mbili ametia kidole mbele ya pua ya Gihogo.

Mashuani wameanza kupandisha mizigo. Nasikia wakihesabiana.

Nimeandika mwanzo wa barua kwa Bwana Mkubwa: kwamba ng'ombe alikuwepo, kwamba alikuwa mnene, kwamba mashahidi ni watu wote wa Rumonge. Ni sentensi sahihi kabisa. Haifiki popote.

Sasa tumbo lake limenguruma. Sijui kama ni heri au ni mwisho. Alimasi hajui. Wanaume wamemgeuza shingo ielekee kibla, na Esha ameshika pembe, anaivuta kwake. Alimasi ananitazama. Mimi ndiye mwenye ng'ombe, neno ni langu.

Kulthumu amesimama mlangoni. Asema: “Baba Zena, weka kalamu chini. Toka nje useme.”

Bado anapumua