Waya ya Sumaku na Adabu za Bu Wulan

Ratih, leo nimeaibika mpaka basi!

Si nilisimama kuwashawishi watu wa ofisini tuhamie waya za kuchajia laptopu zinazoshikwa kwa sumaku? Laptopu yangu betri imekufa, inaishi kwa waya tu. Nikatamba: "Mtu akijikwaa, inachomoka yenyewe, laptopu haianguki!"

Bosi wetu Bu Wulan akataka kupita mbele yetu. Unazijua adabu zake za Kijawa, hapiti mbele ya watu bila kuinama. Akainama, mkono chini kabisa: "Samahanini, napita..."

Mkono ukagusa waya. Ikachomoka.

IKACHOMOKA, Ratih! Skrini giza totoro.

Bado kainama: "Mwanangu, ndiyo hii unayotaka tununue?"

Mzee wa meza ya jirani, Pak Darsono, na waya yake ya kawaida: "Kwangu ukijikwaa unaanguka wewe. Kazi inaendelea."

Nikatoka mbio kwa aibu, nikajikwaa kwenye waya yake.

Kazi yake inaendelea.