Pazia la Samaki Lisifunguliwe

Kitinda mimba wangu,

Usiwape samaki chakula leo, na taa yao usiwashe. Maji ya chumvi nimeshayachanganya kwenye ndoo ya buluu. ~~Yabadilishe ukitoka shule.~~ Yaache, tutayabadilisha pamoja.

Asubuhi nilikufokea kwamba unawalisha kupita kiasi, ndiyo maana maji yamekuwa mazito na ya kijani. Ukaondoka bila kugusa chai. Nilipokaa na gazeti langu, nikaona jua linapiga moja kwa moja kwenye tangi la samaki. Kumbe ndilo linaloyageuza maji! Na anayefungua pazia kila asubuhi ili asome vizuri ni mimi.

Hasira hasara, mwanangu. Nimelifunga.

Samaki wako wa milia amejificha nyuma ya jiwe tangu uondoke. Mwambie nimekosa. Wewe nitakuomba radhi mwenyewe.

Baba