Doa la Jua na Harusi ya Neema

Mama mpenzi,

Shikamoo. Na Baba shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Alizeti mmemaliza kupiga? Mimi mwili mzima, ila wiki nzima nimejichukia. Naandika kwa sababu kwenye simu ungecheka kabla sijamaliza.

Kazi yangu huku kisiwani ni ile ile, kuchunguza jua kwa darubini. Tafadhali acha kuwaambia watu wa Ikungi kwamba nitawatabiria mvua! Mwanga wa jua tunautawanya ukawa rangi rangi kama upinde wa mvua, na ndani yake mna mistari myeusi myembamba. Penye sumaku kali mstari mmoja hugawanyika. Mstari ukihama kidogo, tunajua gesi ya moto inapanda au inazama. Basi. Sina uganga mwingine.

Nilikuwa nafuatilia doa moja jeusi kwenye jua, kila siku bila kukatiza. Ilibaki siku moja tu nimkabidhi profesa kazi, nipande ndege nije kwenye harusi ya mdogo wangu Neema. Siku hiyo doa likaanza kumeguka, jambo ambalo profesa alilisubiri kwa hamu. Yeye alikuwa ameshuka mjini, kaniachia darubini.

Mara upepo ukaja na harufu ya mvua. Mama, sikufikiri. Miguu ilikimbia yenyewe, nikafunga paa la chumba cha darubini, nikafunika vioo, kana kwamba alizeti iko uani kwenye turubai na wewe unapiga kelele, "Anueni! Anueni!" Sheria ya hapa ni kutazama kwanza kipimo cha unyevu. Sikukitazama. Halikudondoka hata tone! Mpaka nimefungua na kurekebisha mitambo upya, doa lilishameguka.

Profesa akaniuliza, "Nani alikuambia ufunge?"

Nikamjibu, "Mama yangu."

Akadhani namtania.

Sasa lazima nianze upya na doa jingine kabla ya kuondoka, na madoa hayaji kwa kuitwa. Nimekasirika, Mama. Nimeukasirikia upepo, nimejikasirikia mimi, na wewe kidogo. Harusi mliisogeza mara moja kwa ajili yangu, na wakwe wakavumilia. Msiisogeze tena.

Nisalimie shangazi wa Shelui na mjomba fundi baiskeli. Neema usimpe barua hii asome. Mwambie wewe kwa mdomo wako kwamba siji, maana nimempigia mara tatu, na mara zote nimeishia kumuuliza habari za gauni.

Mwanao anayekupenda hata akinuna,
Agnes