Swichi ya Zahanati ya Kisiwani

Jumanne, 8 Aprili 2025
Nimerudi Kibiti, tope mpaka magotini. OSPF, lugha ya swichi za mtandao kupeana njia, imekubali! Sasa swichi ya kisiwani inaambizana njia na za kwetu – njia ya mnara wa Mohoro ikifa, inahamia ya mnara wa Bungu bila mtu kugusa. Nilichomoa waya wa Mohoro kujaribu. Daktari wa mbali, anayeishauri zahanati kwa video, akapotea kwenye skrini, akarudi kabla sijahesabu kumi. Nesi Mwantumu alicheka, akanifungia wali na kamba wa kula njiani. Mwenye boti alikuwa anafoka, maji yanakupwa. Nikakimbia.

Ijumaa, 11 Aprili
Mafuriko. Mnara wa Mohoro umezimika tangu alfajiri. Ndiyo siku tuliyoijengea – na kisiwa hakikuhamia Bungu. Naiita swichi kutoka ofisini, naita. Kimya.

Jumamosi, 12 Aprili
Jana zahanati ilipokea mjamzito mwenye kifafa cha mimba. Nesi alimtafuta daktari kwenye skrini, hakumpata. Wakampakia kwenye boti. Mama yu hai. Mtoto hapana.

Jumapili, 13 Aprili
Nimempigia nesi. Anasema hajagusa kitu. Ila jioni huzima kila kitu cha sola, abakize friji ya chanjo tu. Kila siku. Huko wote ndivyo wanavyofanya, betri hazitoshi.
Nikakaa chini. Swichi ikizimwa inakumbuka kile ulichohifadhi tu. Mimi sikuhifadhi. Amri moja! Nilikimbilia boti. Jumatano ikaamka na mipangilio ya zamani, yenye njia moja tu, ya Mohoro. Na kwa kuwa ilikuwa inafanya kazi, sikuiangalia tena. Ya Rabi, nimefanya nini.

Jumatatu, 14 Aprili
Kikao. Bosi, Bwana Bushiri, kaniuliza mbele ya watu: tatizo lilikuwa nini? Nikasema nesi alizima swichi. Si uongo. Nilijiambia hivyo kikao kizima. Bushiri kaandika: uzembe wa nesi.

Jumatano, 16 Aprili
Sijala. Nimeandika barua ya kukiri mara tatu. Nimezichana.

Alhamisi, 17 Aprili
Mwantumu ameitwa Kibiti kujieleza. Nimemkuta kwenye benchi la korido, buibui limelowa. Naandika nimekaa kando yake, anadhani naandaa maelezo.
Tangu alipopewa karipio hazimi kitu. Juzi betri zikaisha, friji ikalala, chanjo zote zimeharibika. Hata hilo anaomba radhi. Miaka ishirini na sita kazini!
Kanishika mkono. "Mwanangu, mie nilikuwa naikinga chanjo. Kumbe naua mtoto wa watu." Ameomba nimsemee ndani, kwa kuwa mimi ndiye ninayeyajua haya mambo.
Nimegeuza ukurasa.
Bushiri katoa kichwa mlangoni, anataka mimi, fundi, nianze. Nimeinamia daftari, bado naandika. Mwantumu anadhani namwogopa bosi. Ananipapasa mgongo, ananiambia nisiogope, niseme tu kama ilivyokuwa –