Ufa Kwenye Silinda Hedi

Mamboya, Kilosa
4 Machi 2024

Mjukuu wangu Yared,

Kuna jambo kuhusu Landrova yangu ambalo nimelificha kwa miaka ishirini na mitano. Nalitanguliza kabla ya salamu kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya katika barua zote zilizopita.

Hujambo? Mkeo Imani na watoto hawajambo? Mimi moyo umechoka. Ngazi tatu za kanisani zimenishinda, na daktari haniahidi masika yajayo.

Yassin wa lori atakushushia gari hapo Mikumi. Tangu siku ile lilipotukwamisha njiani, baba yako akiendesha, tukimpeleka mama yako hospitali ya Berega kujifungua, gari hili linakunywa maji. Kila safari naongeza, na chini halidondoshi tone. Tafuta yanakokwenda. Uniandikie utakachokiona, wala usinipunguzie. Sitaki kukuambia neno kabla hujaona kwa macho yako.

Babu yako,
Mwl. Emanueli


Mikumi
19 Machi 2024

Babu, shikamoo.

Sisi wazima, hofu ni juu yako. Unakula? Mwambie mama mdogo Costancia asikuachie chai tupu.

Gari limefika. Bonifas, fundi mwenzangu, kaliona tu akauliza, "Hili lilikuja na Wajerumani, au wao walilikuta?" Nikamwambia, "Shika adabu wewe, hili ni la babu aliyenilea."

Nimeanza na vya nje: mipira ya rejeta, wota pampu, kifuniko. Vyote vizima. Nikajaza maji, nikayasukuma kwa pampu ya presha. Geji ikawa inashuka, na chini pakavu. Nikachungulia oili, nikaikuta imekuwa kama chai ya maziwa. Hapo nikajua maji yanaingia ndani ya injini, nikafungua silinda hedi, kile kichwa cha injini.

Babu, injini iliyoendeshwa bila maji huungua, na hedi hupinda. Hii nimeilaza rula ya chuma, imenyooka. Lakini kati ya valvu mbili ina ufa wa zamani, uliozibwa kwa gundi ya chuma, na gundi imeachia. Ufa wa namna hii huja pale injini ya moto inapomwagiwa maji baridi. Wanaojifunza kazi kwangu nawaambia siku ya kwanza: injini ikichemka, kaa chini, subiri.

Kwa hiyo Baba ana makosa mawili. Miaka yote nilijua moja, kwamba hakuangalia maji asubuhi. Kumbe injini ilikuwa bado nzima, akaimwagia maji kwa papara, akaipasua, Mama akafia barabarani na mdogo wangu tumboni. Kidodi anakoishi si mbali na hapa. Mwaka huu nilikuwa nimeanza kufikiria kwenda kumwona. Sasa basi.

Hili ndilo ulilonificha ili nisizidi kumchukia? Ahsante, Babu. Ni wewe kabisa huyo.

Mjukuu wako,
Yared


Mikumi
28 Aprili 2024

Babu, shikamoo.

Wiki ya sita sasa, kimya. Mama mdogo anasema kwenye simu kwamba unaandika na kuchana. Sikulaumu kwa kunificha, nimeshakwambia.

Nilimpigia Baba. Ni mara ya kwanza tangu nihamie kwako. Nikamweleza ufa nilioukuta. Akasema, "Kumwaga maji sikumbuki, mwanangu. Lakini kama umeona kwenye chuma, basi ni mimi."

Nikakata simu. Nilitaka abishe, Babu. Kwa nini habishi?

Mjukuu wako,
Yared


Mamboya
3 Mei 2024

Yared, mwana wa Nikolaus,

Nakusalimu. Nina nguvu za kushika kalamu tu.

Baba yako hana hata kosa moja. Mpira wa juu wa rejeta ulichanika kwenye kile kilima, naye alizima injini mara tu mshale wa joto ulipopanda. Akaniambia, "Mwalimu, naenda kuwaomba watu machela, na kipande cha mpira nifungie. Ile ndoo ya maji usiiguse, injini ipoe kwanza."

Binti yangu Magreti, mama yako, alikuwa analia kiti cha nyuma. Sikuweza kukaa na kilio kile. Nilikuwa mwalimu mkuu, sikuzoea kuambiwa usiguse. Nilifungua rejeta kwa koti langu, nikamimina ndoo nzima. Injini ikalia mara moja, kama sahani inayopasuka. Nikashuka kijitoni, nikaijaza ndoo upya, nikairudisha pale pale alipoiacha.

Aliporudi, akafunga mpira, akaongeza maji, akawasha. Bomba la moshi likatema maji. Hakuelewa. Machela ilipofika, Magreti alikuwa ameshanyamaza.

Nilikutuma ukafungue injini kwa sababu nilitaka chuma kinisemee. Badala yake kimemwongezea Nikolaus kosa, naye amelipokea.

Lakini kuna jingine, ambalo hakuna fundi atakayeliona. Pale msibani wazee walimuuliza kama aliangalia maji alfajiri ile. Hakuwa amelala siku mbili, hakukumbuka kitu. Akanigeukia mbele ya watu wote akauliza, "Mwalimu, hivi niliangalia?"

Nikajibu kwamba sikumwona.

Yared, nilikuwa nimesimama ubavuni mwake. Mimi ndiye niliyemshikia kifuniko, akajaza rejeta mpaka ikafurika.

Emanueli