Kipete cha Mpira kwenye Sindano ya Jino

Ogari, ninayokuandikia ni kweli tupu. Nikidanganya, meno yangu matatu yaliyobaki yang'oke leo.

1974. Mtu mmoja, Nyamongo, kalala kwenye kiti cha daktari wa meno, Kisii mjini. Alikuwa amemwapia mkewe: "Nikipiga kelele, nitachota maji wiki nzima mbele ya wanawake wote."

Daktari akachomeka kwenye mashine kasindano ka kusafishia mzizi wa jino. Kamesokotwa kama kamba, na kana kipete cha mpira. "Mpira ukigusa jino, nasimama. Inazunguka robo, inarudi robo. Haivunjiki."

Halafu akatazama picha ya jino, akausukuma mpira NYUMA. "Mzizi wako ni mrefu, bwana."

Nyuma, Ogari! Sindano imerefuka! Na ni jino la juu, juu yake kuna jicho!

Mashine ikakoroma. Robo, robo, robo... Nyamongo akapiga yowe, soko zima la Daraja Mbili likanyamaza.

Nyumbani akasema, "Hata sikukohoa." Mkewe akaamini miaka yote hii.

Ngoja.

Ogari, mke wangu Bochaberi amesimama nyuma yangu, amevaa miwani, anasoma barua hii. "Baba Nyaboke, Nyamongo gani? Jino hilo si lako?"

Namalizia barua hii nikiwa kisimani na mtungi. Wanawake wamejaa, wote wananitazama.