Kijiti cha Nyumba ya Boksi

Shambani, Kitale
Asubuhi ya siku yenu ya soko

Mama yangu mpendwa, mama wa Barasa,

Wewe unayemsomea mama barua hii, nakuomba usianze na salamu. Anza na hapa, tena kwa sauti: mume wangu Barasa hajafa. Hakuna habari ya kifo iliyofika huku. Kama Baba Khisa, jirani yetu wa hapa, amefika huko kwenu Chwele na baiskeli yake akasema mengine, hayo ni maneno ya mke wake. Kama mmeanza kulia, nyamazeni. Kama shemeji Simiyu amepanda juu ya nyumba ya kaka yake kutoa kile kijiti cha kwenye paa, mwambieni ashuke. Mama, nakuomba, kijiti kisitoke.

Sasa ndiyo nakusalimu. Mguu wako unaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa? Sisi tuko wazima, mimi na mjukuu wako. Naandika nimekaa juu ya gunia, kwa sababu lori la mahindi linapakiwa na litapita kwenu. Wafula, taniboi wa lori, amesema, "Mama Nasimiyu, nitakungoja mpaka magunia yaishe. Yakiisha, hata kama umefika katikati ya neno, naichukua." Kwa hiyo nivumilie mwandiko. Unajua mkono wangu ni mzuri nikiwa nimetulia. Mimi si wa kuandikiwa na karani.

Yote yametoka kwa nyumba ya mtoto. Memsabu ninayemfanyia kazi alinipa boksi kubwa la karatasi ngumu lililokuja na sahani zake, nikasema nitawashia moto. Nasimiyu akalikumbatia. "Mama, usichome. Tujenge nyumba." Tukajenga. Mimi nilikata madirisha na wembe uliochakaa, yeye akakoroga uji wa unga wa ngano tukagundishia. Kuta tukazipaka ile buluu ya kufulia. Paa alilifunga nyasi mwenyewe, kishungi kwa kishungi, ulimi nje kama fundi. Mama, nimeishi katika kambi hii ya wafanyakazi na sijaona mtoto wa umri wake mwenye mikono kama ile. Nyapara mwenyewe alisimama akauliza kodi ya nyumba hiyo ni shilingi ngapi. Kichwa cha mtoto huyu kimetoka kwangu, tusifichane. Miguu ndiyo ya kwenu.

Ndani wanakaa watu wa magunzi ya mahindi: baba, mama, na kukhu, yaani wewe bibi yake, umefungwa kitambaa kichwani. Paa lilipokwisha nilichonga kijiti nikamwambia akisimamishe juu, katikati.

"Lakini nyumba ya memsabu haina kijiti."

"Ya memsabu ni ya memsabu. Hii ni ya nani?"

"Ya baba."

"Na baba yuko wapi?"

"Kwa vita. Anapiga Wajapani."

"Basi ako hai. Nyumba ya mwanamume aliye hai ina kijiti juu. Siku mwenyewe akifa ndiyo watu wanakitoa."

Akakisimamisha kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayebeba maziwa. Jirani wote walikiona kijiti hicho. Mama Khisa ndiye aliyekisifu zaidi, kwa kuwa yeye ni mtu wa kwetu na anajua maana yake.

Jana memsabu alikuwa na wageni. Nilipiga pasi mchana kutwa, na makaa yalikuwa mabichi, moshi wote machoni. Nikarudi macho mekundu, nimechoka, nikapita watu bila kusema neno, nikalala.

Leo asubuhi nafungua mlango, nakuta wanawake wameketi chini mbele ya nyumba yangu, mikono kichwani. Mama Khisa akainuka akanishika.

"Pole, Nekesa. Pole, mwana wa mama."

"Pole ya nini?"

"Usijikaze. Tumejua."

Nilidhani wao ndio wamepata habari kutoka ofisini, mimi nimelala. Nilikaa pale pale kwenye vumbi. Mmoja alikuwa ameshaanza kulia kwa sauti. Ndipo nikamsikia Mama Khisa akiwaambia wengine, "Si mnaona amekitoa mwenyewe? Jana ameitwa nyumba kubwa, amerudi na machozi, na leo kijiti hakipo."

Nikageuka. Nyumba ya boksi ilikuwa kando ya mlango, mahali pake. Paa lilikuwa tupu.

"Nani amekuambia Barasa amekufa?" nikamuuliza.

"Si nyumba imesema?"

"Nyumba ya magunzi! Nani mwingine umemwambia?"

Akasema, sauti ndogo, "Baba Khisa alikuwa anatoka na baiskeli kwenda nyumbani. Nikamtuma kwa mama yake Barasa, asije akasikia sokoni, kwa watu." Alitoka alfajiri, mama. Ndiyo maana naandika hivi.

Nilimwita Nasimiyu, hakuitika. Nikamkuta amejificha nyuma ya mtungi kwa kuogopa zile kelele. "Kijiti kiko wapi?" Akanionyesha baba wa gunzi. Alikuwa amemfunga kijiti begani na uzi.

"Ni bunduki," akasema. "Baba yuko vitani na hana bunduki. Wajapani watampiga."

Wanawake walimsikia. Aliyekuwa analia akafunga mdomo. Mama Khisa akajifunika uso na leso, na mimi sikumtukana, ingawa maneno nilikuwa nayo, tena mazuri.

Mama, sitakudanganya. Barua ya Barasa imekawia. Ya mwisho ilikuja tukiwa tunapanda, na sasa mahindi yanapakiwa mbele yangu. Sijui analala wapi. Lakini kukawia si kufa, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kumlilia mtu ambaye hajaambiwa amekufa. Kwetu ukishafanya hivyo ni kama umemwitia kaburi. Kijiti chake kisimame mpaka yeye mwenyewe aje.

Msalimie baba mkwe, mwambie ugoro wake Wafula anao. Msalimie shemeji Simiyu, na mkewe anayeninyonyeshea yule mpwa wangu mnene, na wifi yangu aliyeolewa Cheptais akija. Na Baba Khisa mpe chai, hana kosa, ametumwa.

Wafula ananyoosha mkono. Ndani ya karatasi hii utakuta kijiti kidogo chenye uzi. Nimekatazwa kukiacha. Nasimiyu anasema kama mmeshavunja kile cha baba, kukhu asimamishe hiki kwanza. Nikamuuliza, "Na baba atapigana na nini sasa?"

Akasema, "Sasa hana bunduki. Watamwambia arudi nyumbani."

Mkaza mwana wako,
Nekesa, mama wa Nasimiyu